Siku 42 kabla ya nguo za Idd: kumbukumbu ya mradi wa mwili wangu

Jumapili, 4 Januari 2026. Usiku, kabla ya kuanza

Cherehani imefunikwa, watoto wamelala. Kesho naanza. Nimejipa siku 42, hadi Jumapili ya tarehe 15 Februari, na fundi mwenzangu ataelewa kwa nini nimechagua siku hizo. Ramadhani ikiandama, nguo za Idd zinanimeza. Nakaa kitini tangu asubuhi mpaka saa sita za usiku, mwezi mzima. Jambo lolote ambalo halijawa mazoea kufikia hapo, kwangu limekufa. Kwa hiyo sikutaka mpango wa mwaka. Nataka wiki sita za nguvu.

Sababu yenyewe ni presha. Desemba nilipimwa zahanati mara tatu, siku tatu tofauti, na zote zilikuwa juu ya 140 kwa 90. Ya mwisho ilisoma 148 kwa 94. Daktari akaniambia, "Mama, leo sikupi dawa. Punguza chumvi, punguza uzito, tembea. Katikati ya Februari uje. Nikikuta namba ni hizi hizi, dawa tunaanza, tusibishane."

Mama yangu alikuwa fundi. Presha yake ilikaa miaka bila mtu kuijua, na siku ilipojitokeza ilikuja na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Mkasi wake ninao mimi, ule mweusi mzito, na kwenye tundu la kidole gumba alizungushia utepe wa kanga kwa sababu chuma kilikuwa kinamchubua. Utepe huo sijautoa. Miaka minne alikaa pembeni yangu akinitazama nakata vitambaa kwa mkasi wake, na yeye mwenyewe hawezi kufunga hata kifungo. Mimi nina miaka 41. Mkono wangu wa kulia ndio ofisi yangu.

Vipimo vya kuanzia: uzito kilo 86.4, kimo sentimita 160, mapigo ya moyo nikiwa nimekaa 84 kwa dakika. Kiuno inchi 41. Hicho nimejipima mwenyewe, maana kupima kiuno ndiyo kazi yangu. Futi inapita usawa wa kitovu, unatoa pumzi kawaida, unasoma, huivuti. Wateja wanaobana tumbo nikiwapima ndio wanaorudi wakisema gauni limewabana. Inchi 41 ni sentimita 104, na kwa mwanamke hatari ya kisukari na presha inapanda sana kiuno kikipita sentimita 88. Namba hiyo nimeiandika kwa chaki ya kitambaa ndani ya mlango wa kabati.

Siku ya 1, Jumatatu

Wifi yangu anaishi nyumba ya pili na amekubali tuwe wote. Bila yeye nisingetoka, kwa sababu saa kumi na moja na nusu alfajiri Tandika bado giza na mwanamke peke yake barabarani hatulii. Tumeswali, tumevaa, tumetoka. Lazima iwe saa hizo. Januari Dar es Salaam ni kaskazi, na saa mbili asubuhi jua limeshakuwa kali.

Njia yetu ni kutoka Tandika hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa na kurudi. Simu inahesabu kilomita tano na ushei. Mpango ni wa nguzo za umeme: tunakimbia nguzo moja, tunatembea mbili.

Nguzo ya nne moyo ulikuwa unapiga masikioni. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi. Tulirudi saa kumi na mbili na nusu, nikakaa kwenye ngazi na kanga ya kichwani imelowa. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Siku ya 3

Leo nimeshughulika na jiko. Mtu mmoja asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, pamoja na chumvi iliyoko kwenye mkate, kachori na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Nikarudi kwenye hesabu ya nyumba. Sisi ni watu watano na pakiti ya nusu kilo tunaimaliza kwa siku tisa. Gawanya: kila mtu gramu 11, pamoja na mtoto wa miaka sita. Hiyo ni ya chungu tu, ya dukani sijaihesabu.

Nimetoa kopo la chumvi mezani. Vidonge vya mchuzi nimeviacha kabisa, badala yake kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili mbuzi. Tarehe ya leo nimeiandika kwenye pakiti mpya ili nijue itakwisha lini.

Baba watoto ameonja mchuzi, akaniangalia. "Mke wangu, umesahau?" Nikamwambia sijasahau. Akala.

Siku ya 6

Sukari ilikuwa kazi kubwa kuliko chumvi. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Na soda ya saa nane mchana, ile ya mililita 350, ina sukari karibu vijiko tisa. Ukijumlisha ni vijiko 21, na mimi nimekaa kitini.

Soda nimekata moja kwa moja. Chai nimeshuka hadi kijiko kimoja. Kichwa kiliniuma Jumatano na Alhamisi, leo kimetulia. Chakula cha mchana natoka nacho nyumbani, kwa sababu nikikitafuta barabarani naishia kwenye chipsi mayai: maharage au dagaa, mchicha mwingi, na ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Wali nimeuachia Ijumaa.

Siku ya 8, Jumatatu 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, barabara nyeupe. Nguzo mbili kukimbia, moja kutembea. Karibu na uwanja tulipishana na kikundi cha jogingi, watu kama sitini, wanaimba, mbele kijana ana filimbi. Mama mmoja wa makamo alitupungia mkono akasema, "Jumapili njooni, dada zangu, hatumwachi mtu nyuma." Temeke ina vikundi hivi tangu zamani, lakini mimi nilikuwa navisikia nikiwa kitandani.

Nyumbani nimeongeza mazoezi ya dakika ishirini jioni, siku nne kwa wiki. Kuchuchumaa na kuinuka mara kumi na tano, pushapu za magoti nane, kuinua ndoo ya lita 10 mara kumi kila mkono (lita kumi za maji ni kilo kumi, huhitaji vyuma vya jimu), kisha kamba. Kamba nimeisuka mwenyewe kwa vipande vya jinzi vilivyobaki. Ina uzito mzuri, inazunguka bila kujikunja. Naurudia mzunguko huo mara tatu.

Jambo jingine: nimevua mota kwenye cherehani na kurudisha mkanda wa ngozi. Nashona kwa kukanyaga. Kasi imepungua kidogo, na sare za shule ndiyo kwanza zimepamba moto, lakini miguu haikai bure. Kila nikimaliza nguo moja nasimama, natembea mpaka bombani na kurudi.

Siku ya 15

Kosa langu, na naliandika ili mwingine asilirudie. Viatu nilinunua mtumba Karume, vizuri kwa macho, namba 39. Mimi navaa 40. Muuzaji alisema vitatanuka, na mimi nilitaka kuamini. Kucha ya kidole gumba cha kulia imekuwa nyeusi, na muundi wa mguu, pale mbele katikati ya goti na kifundo, unaniuma kama umepigwa fimbo.

Nilikuwa nataka kuvumilia. Wifi akanigombeza kwelikweli: "Wifi, wewe unashona nguo ya kubana halafu unamlaumu mteja? Mguu ukivimba hapa, Februari tutakuwa tunakupeleka hospitali kupiga picha." Nimepumzika kukimbia siku nne. Natembea tu, jioni naweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Nimerudi Karume na kununua namba 41, maana mguu unavimba ukikimbia na kidole kinahitaji nafasi mbele.

Uzito: kilo 84.3. Kiuno inchi 40.

Siku ya 21, Jumapili

Jana harusi ya mtoto wa shangazi, Mbagala. Nilikula pilau, nikala tena pilau. Sijutii, ile ni furaha ya ukoo na nilicheza mpaka saa saba.

Asubuhi mizani ikasoma kilo 85.4, wakati Ijumaa ilikuwa 84.0. Zamani ningeuacha mradi hapo hapo. Safari hii nilikaa nikapiga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kuongeza kilo 1.4 ya mafuta usiku mmoja ningehitaji kula kalori zaidi ya 10,000 juu ya mahitaji yangu. Hakuna sinia la pilau la namna hiyo. Ni maji: chumvi ya jana imeyashika, wali umeyashika. Nikachukua futi. Kiuno inchi 39 na nusu, kile kile cha Ijumaa.

Tangu leo mizani ni mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi. Futi ndiyo naisikiliza. Hata wateja wangu wengi wanaolia na kilo, mimi naona kwenye daftari langu la vipimo kwamba kiuno kimeshuka na mabega yamenyooka, na wao hawajui.

Siku ya 26, Ijumaa

Mizani imerudi 83.9 na imegoma hapo. Nimechoka. Muundi umepona. Basi.

Siku ya 28, Jumapili 1 Februari

Tumekimbia na kikundi kwa mara ya kwanza. Siwezi kueleza vizuri. Ukiwa peke yako kila nguzo unaihesabu. Ukiwa katikati ya watu sitini wanaoimba na kuitikiana, mguu unafuata wimbo, na pumzi inafuata mguu. Nilishtuka tumefika Chang'ombe na sijatembea hata nguzo moja. Yule mama aliyetupungia mkono siku ya Mapinduzi alikuwa nyuma yetu muda wote, kama alivyoahidi.

Usiku nimeangalia pakiti ya chumvi niliyoiandika tarehe. Leo ni siku ya 26 na bado kuna ya kufunika kiganja. Mtoto wa kwanza amesema chakula cha kwa bibi mkubwa kina chumvi nyingi sana. Hakujua alichonipa.

Siku ya 33, Ijumaa

Kilo 82.2. Kiuno inchi 38 na robo tatu. Mapigo ya moyo 74.

Wateja wa Shaabani wameanza kuleta vitambaa. Satini, hariri laini ya watoto, kanzu tatu. Nimewaambia wote: asubuhi kabla ya saa mbili sipokei simu.

Siku ya 40

Kilomita tano bila kutembea. Dakika 41. Mita za mwisho kutoka kwenye kona ya soko wifi alianza kunipita, nikamkimbiza. Yeye tangu Septemba hana habari nyingine ila Alphonce Simbu, jinsi alivyochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde, yeye na Mjerumani wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Akapiga kelele, "Kifua mbele, wifi, kifua mbele!" Tukafika pamoja. Muuza vitumbua alisimama na upawa mkononi akitutazama.

Siku ya 42, Jumapili 15 Februari

Nimepima alfajiri kabla ya kunywa maji. Kilo 81.1. Kiuno inchi 38 na robo. Mapigo 72. Pushapu za magoti ishirini na mbili mfululizo, na tatu za kawaida.

Bado niko juu sana ya ile namba ya chaki kabatini. Inchi karibu tatu kwa wiki sita ndizo nilizopata, na nimezifanyia kazi.

Jumatatu, 16 Februari

Zahanati. Daktari alinikalisha dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza. 133 kwa 85. Akapima mkono wa pili, 131 kwa 84. Akasema, "Mama, dawa tunaisubirisha. Lakini kila mwezi uje." Nilimuuliza mara mbili kama amesoma vizuri. Naomba anayesoma na tayari anatumia dawa za presha asiziache kwa sababu ya habari yangu. Hilo ni la kuamua na daktari wake.

Ratiba ya Ramadhani tumeshaipanga na wifi. Siku za kazi tutatembea nusu saa kabla ya Magharibi, ili tukifika nyumbani ni kunywa maji na tende. Jumapili usiku baada ya Tarawehe, ndoo na kamba. Kukimbia mpaka Idd ipite. Mota iko juu ya kabati, imefungwa kwenye gazeti. Kwenye meza kuna kanzu ya kwanza ya kukata, mita tatu za kitambaa cheupe, na mkasi wa mama uko juu yake.