Praktiko ya mitosisi: slaidi huharibikia mezani, si kwenye hadubini

Mwaka wa kwanza wa baiolojia hauishi bila praktiko ya kutazama mitosisi, yaani seli zinavyogawanyika, kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu maji. Kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya kiini cha seli) zisipoonekana, hadubini ndiyo hulaumiwa, ilhali kazi ilishaharibika kabla slaidi haijafika kwenye lenzi.

Tuanze na asidi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mizizi iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye mchanganyiko wa ethanoli na asidi ya asetiki (3 kwa 1, uliochanganywa siku hiyo hiyo) huoshwa, kisha hutiwa kwenye asidi hidrokloriki ya 1 M yenye joto la 60 °C kwa dakika 5 hivi. Kazi ya asidi ni kulegeza pektini inayoshikamanisha seli. Ipashe moto kwanza, ndipo utie mizizi. Ukiitia asidi ingali baridi, zile dakika 5 hazina maana. Muda ukipungua, seli hubaki zimepandana ghorofa juu ya ghorofa na huwezi kuona hata moja vizuri. Ukizidi, mzizi hukatikia kwenye kibanio. Miwani ya kinga ivaliwe, hili si la kujadili.

Suuza kwa maji, tia rangi ya aseto-orseini, kisha angalia mzizi kwa macho tu. Ncha imekolea kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa seli za pale ni ndogo na viini vyake vimezijaza. Bakiza milimita 1 au 2 hizo, kwingine kote tupa. Kuna wanaoacha nusu sentimita eti wasije wakakosa, wakaishia kutazama seli ndefu zilizokwisha kuacha kugawanyika.

Ongeza tone la rangi, shusha kioo cha kufunikia kwa mshazari ili hewa itoke, gongagonga taratibu kwa kitako cha penseli. Halafu funika kwa karatasi ya kufyonza na ukandamize kwa kidole gumba, wima. Kioo kikiteleza kidogo tu, seli hujiviringisha na kazi imekwisha.

Tafuta kwa lenzi ya 10x, hesabu kwa ya 40x. Usitishike ukiona karibu zote ziko interfezi, yaani hatua ya kabla ya kugawanyika. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu seli hutumia sehemu kubwa ya mzunguko wake humo. Kipeo cha mitosisi ni seli zinazogawanyika, gawanya kwa seli zote ulizohesabu, mara 100: zikiwa 18 kati ya 200, ni asilimia 9. Mtego uko kwenye kuchagua pa kuhesabia. Ukisogeza slaidi mpaka upate pahali penye anafezi (hatua ambayo kromosomu huvutwa pande mbili) za kupendeza, kipeo chako kitakuwa kikubwa kuliko hali halisi, na msahihishaji mzoefu ataling'amua hilo mara moja.