Shu (kabichi) yako inadumaa? Angalia udongo kwanza

Jamani wa Bukavu, mutu akiona shu inadumaa anakimbilia mbolea ya duka, mi naomba tuanze na udongo. Huu wetu mwekundu wa milimani, na wa Kabare na Walungu ni vile vile, mvua imeuosha miaka na miaka ikabeba kalsiamu, asidi ikabaki, na pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu ya udongo inayeyuka inaharibu mizizi. Ng'oa muche mumoja wa maharagi uone: mizizi mifupi, minene, ncha za kahawia. Hapo hata ukimwaga mbolea ya fosforasi udongo unaishikilia, mimea haipati kitu, na hiyo ni feza ya mama mulimaji inapotea, inaniuma sana.

Chai yenyewe haina shida, inapenda pH ya 4.5 mpaka 5.5, lakini mboga nyingi zinataka karibu 6 mpaka 7. Tafuta chokaa ya shamba, changanya na udongo wiki kadhaa mbele ya kupanda, ama majivu ya kuni kidogo kidogo, ila usiyachanganye na samadi mbichi sababu nitrojeni itapotea hewani. Na ndugu wa Goma, udongo wenu wa volkano bado mupya, pimeni kwanza musituige.