Kambo na sinia la granola

Lubumbashi, Jumamosi usiku, mwezi wa Juni

"Tosha!"

Sauti ya baba mkwe ilinifikia kutoka kitini kwake kabla pua yangu haijanusa chochote. Kwa ndugu zangu wa Dar na Mombasa: huku kwetu kutosha ni kutoa, ni kuondoa kitu mahali kilipo. Alikuwa ananiambia nitoe sinia la granola kwenye oveni. Nikafungua mlango, nikachungulia, nikaona avwani (nafaka ambayo wenzetu wa pwani huita oti) bado imepauka, nikafunga. Dakika tano tu, Baba. Dakika tano zilipoisha katikati kulikuwa na rangi ya kahawa, na pembeni, asali ilikochuruzikia, kulikuwa na weusi wa lami. Kalanga zikawa chungu. Tuliila hivyo hivyo wiki nzima, maana avwani haiokotwi njiani: inapandishwa kutoka Afrika Kusini hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndipo itufikie, na bei yake inasafiri nayo.

Hiyo ilikuwa Aprili. Leo nimechoma sinia la saba, na nataka kuandika kabla sijasahau.

Nilianza kwa sababu ya asubuhi. Mume wangu anatoka saa kumi na moja kuwahi basi la mgodi. Watoto wanatoka saa kumi na mbili na nusu. Mimi nafungua duka saa moja. Tukinunua mkate, hela inatoka kila siku na saa nne watoto wana njaa tena. Uji wa kalanga ndio mzuri kupita vyote, sibishi, lakini uji unadai mtu wa kuamka saa kumi kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, na ukitaka kunijua vibaya niamshe saa kumi mwezi wa Juni. Kiangazi cha Katanga hakina huruma alfajiri. Unatoka uani, pumzi inafuka kama sufuria, na makala yamekunywa umande wa usiku hayataki kushika.

Ndipo mteja mmoja aliyewahi kukaa Johannesburg akaniletea granola kwenye chupa ya mayonezi. Avwani, asali, mafuta, karanga, basi. Unachoma Jumamosi, unakula hadi Ijumaa, na kila mtu anajipakulia saa yake. Niliiona chupa ile nikaona usingizi.

Avwani vikombe sita. Kalanga viwili. Mbegu za maboga kimoja. Asali nusu kikombe, mafuta nusu kikombe, chumvi kijiko cha chai, na chumvi usiiache, bila hiyo utamu unakuwa wa kitoto. Oveni nyuzi 150, si zaidi. Asali huungua upesi kuliko sukari ya kawaida, na pembe za sinia ndizo zinazotangulia, kwa hiyo kila dakika kumi unavuta, unageuza, unaleta za pembeni katikati. Ndizi nakata asubuhi kwenye bakuli. Zabibu kavu nilinunua mara moja tu, na bei niliyolipa mume wangu haijui hadi leo.

Kazi yenyewe haiko kwenye oveni, iko mezani siku moja kabla, kwenye kuchagua kalanga. Namwaga kwenye ungo, na baba mkwe anavuta kiti. Watoto wanamwita kambo, na hapo tena niwaombe radhi wa pwani: kambo wa Lubumbashi ni babu wa damu, si wa kufikia. Anachagua kwa kidole kimoja. Iliyokunjamana, nje. Yenye doa la kijani, nje. Iliyopasuka ikaingia unga mweusi, nje, na jirani yake anachunguzwa mara mbili. Mwanzo nilimwambia moto utaua hiyo kuvu. Akatikisa kichwa. Yeye ndiye mwenye haki: kuvu inakufa, lakini sumu inayoacha ndani ya karanga haiogopi joto la oveni wala la kikaango. Sasa vikombe viwili tunavipata kutoka kwenye viwili na nusu, na sinung'uniki.

Asali tunaipata kwa mama anayeiuza kwenye chupa za maji zilizotumika. Ni asali ya porini, ya miombo, nyeusi kama chai ya rangi, ina harufu ya moshi uliofukuzia nyuki na vipande vya nta vinaelea juu. Juni yote imeganda. Naisimamisha chupa kwenye sufuria ya maji vuguvugu hadi ianze kuteleza shingoni. Mdogo wa wifi yangu mtoto wake ana miezi minane, analilia kijiko kila akikiona. Hapewi. Mtoto asiyetimiza mwaka asali si yake, hata ya kulamba, na kalanga nzima hazimfai hata akifika miaka mitatu. Kambo aliposikia habari ya asali alishangaa, kwao walilambishwa wote. Lakini ananisaidia kuficha kijiko.

Nirudi kwenye ile tosha.

Baba mkwe alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, pale chini ya bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa Lubum akitoka safari analitafuta kwa macho ajue amefika. Kiwanda kile kilimimina shaba ya kwanza mwaka 1911, yeye aliingia kijana, baba yake akiwa ametangulia humo humo. Mikono yake ina madoa meupe hadi kwenye kiwiko. Hazungumzii sana mambo hayo. Ila mwezi wa Mei, sinia la nne lilipoungua, alikuja jikoni kwa fimbo yake, akashika chembe moja ya avwani, akaivunja kwa ukucha.

"Mama, unangoja nini kwenye moto?"

Nikasema nangoja ikauke, iwe ngumu, ipate sauti.

"Haitapata sauti humo. Kitu cha moto hakikuonyeshi kilivyo. Ukiona kimeiva kikiwa ndani, kimeshapita."

Akaniambia kule kwao mtu hakutazama saa. Walitazama rangi, na waliitazama wakijua kwamba kinachotoka tanuruni kinaendelea na kazi yake hata moto ukiwa nyuma yake. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Mimi na nyuzi zangu 150 nilijisikia mtoto wa chekechea. Lakini ni kweli: granola ikitoka ni laini, imelegea, unadhani umeharibu. Iache kwenye sinia bila kuigusa. Inavyopoa, asali inakaza, na baada ya nusu saa unaivunja vipande na inalia. Nilikuwa nachoma chakula kwa kutafuta ndani ya moto kitu kinachopatikana nje.

Nilisoma kwamba huyo Jackson, daktari wa Marekani aliyetengeneza chakula cha namna hii mwaka 1863, chake kilikuwa kigumu kiasi kwamba kililazwa kwenye maziwa usiku kucha ndipo meno yaweze. Nilimsomea kambo. Akasema huyo hakuwa na mtu wa kumwambia tosha.

Leo sasa. Sinia limeingia saa kumi na mbili jioni, nimegeuza mara moja, umeme ukakata. Giza, oveni inapoa, avwani mbichi nusu. Nimekaa chini nikacheka kwa hasira. Kambo akaagiza mjukuu awashe mbabula. Tukafanya kama tunavyochoma keki: sufuria kubwa, mchanga chini, sinia dogo juu ya mchanga, mfuniko, na makala machache juu ya mfuniko. Ilibidi tuchome kwa mafungu matatu. Nilishika koleo, yeye akakaa na blanketi mabegani, hawezi kuona ndani, kuna giza na mfuniko, anasikiliza na kunusa tu.

Fungu la kwanza alisema tosha, nikatosha. La pili hivyo hivyo, bado limepauka, nikalimwaga bila neno. Fungu la tatu akanyamaza. Nikasubiri. Nikamtazama, nikadhani amesinzia, mkono wangu tayari uko kwenye mfuniko.

"Wewe sema," akasema.

Nikanusa. Kalanga, moshi, asali, na chini yake kitu kama mkate. Nikasubiri kidogo zaidi, nikaogopa, nikasema tosha.

Hakujibu. Alinyoosha kiganja, nikamtilia kijiko cha moto, akapuliza, akatafuna pole pole upande ule wenye meno. Kisha akanyoosha kiganja tena.

Sasa ni saa nne. Kopo la maziwa ya unga limejaa, nimelifunika na kuliweka juu ya kabati. Umeme haujarudi. Kule uani nasikia mfuniko wa kopo jingine ukifunguka, lile dogo, la fungu la tatu, nililolificha nyuma ya gunia la makala.