Krismasi ya kwanza na mtoto kiziwi tuliyemwasili: jinsi tulivyotatua kero ya mlo

Ukoo mzima ukiongea kwa mpigo, mtoto kiziwi hubaki akitazama sahani. Tuliondoa meza ndefu, tukatandika mkeka na kukaa duara kuzunguka sinia la pilau, kila uso uonekane. Mtoto akae ameupa dirisha mgongo: mwanga ukitoka nyuma ya msemaji, uso huwa kivuli, na alama za mikono na midomo havisomeki. Anayetaka kusema ainue mkono kwanza. (Wajomba ndio wagumu.) Umeme ukikatika, mazungumzo yake nayo hukatika, kwa hiyo taa ya kuchaji iwe tayari juu ya kabati, ikiwa sakafuni huchora vivuli usoni.

Wageni wafundishwe mapema alama tano tu: chakula, choo, zawadi, cheza, imetosha. Hiyo ya mwisho isiachwe, maana macho huchoka, naye ana haki ya kwenda chumbani.

Vifaa vya kusikia hupiga mluzi akikumbatiwa kwa sababu sauti hurudi kwenye maikrofoni. Shangazi wasibane kichwa. Betri zake za zinki-hewa (huamshwa na hewa) nunua kabla maduka hayajafungwa; bandua kibandiko cha ile unayoitumia tu, uiache hewani dakika moja hivi ndipo uiweke. Ukibandua zote, zinaanza kuisha hata kama hazitumiki.