Sanduku la Shangazi na Sahihi ya Otto Riese

Mwaka 1996 shangazi yangu alitua Entebbe salama, lakini sanduku lake halikufika. Ndani yake mlikuwa na gomesi mbili za hariri, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda, za harusi ya binti yake, na kampuni ya ndege ilimjibu kwamba fidia ya mzigo hukadiriwa kwa kilo. Nilikuwa nasoma sheria Kampala wakati huo, naye akanikabidhi tiketi yake akisema, "Mwanangu, ni nani aliyeamua kwamba hariri ipimwe kama viazi?"

Jibu lilinipeleka Warsaw, tarehe 12 Oktoba 1929, ambapo Otto Riese, mzaliwa wa Frankfurt mwenye umri wa miaka 34, alikuwa mmoja wa wanasheria wanne walioutia sahihi mkataba wa usafiri wa anga kwa niaba ya Ujerumani. Humo ndimo ilimowekwa kanuni iliyomkasirisha shangazi: fidia isiyozidi faranga 250 za dhahabu kwa kila kilo ya mzigo, na isiyozidi 125,000 kwa abiria aliyekufa au kujeruhiwa. Nilitaka kukasirika pamoja naye, hadi nilipoelewa ukomo huo ulinunua nini. Mjane ambaye mumewe ameangamia pamoja na rubani na ndege yenyewe atathibitishaje kosa lilitendeka wapi? Mkataba ulimwondolea mzigo huo wa ushahidi, ukaibebesha kampuni wajibu wa kuthibitisha kwamba ilichukua kila hatua iliyohitajika kuzuia madhara. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko faranga zote, ijapokuwa hesabu ya kilo bado naiona kuwa ya kikatili.

Riese alifundisha sheria Lausanne, akachapisha kitabu kikubwa cha sheria ya anga mwaka 1949, na mwaka 1952 akawa jaji katika mahakama ya jumuiya ya makaa ya mawe na chuma ya Ulaya, huko Luxembourg. Tarehe 5 Februari 1963 alikuwa miongoni mwa majaji saba walioamua kesi ya kampuni ya Kiholanzi, Van Gend en Loos, kwamba mtu binafsi anaweza kudai mbele ya mahakama ya nchi yake haki aliyopewa na mkataba wa mataifa. Nauona uzi mmoja kati ya hukumu hiyo na sahihi ya Warsaw, kwa sababu kote kuwili maneno yaliyokubaliwa na serikali yaliishia mkononi mwa raia wa kawaida, kama ile tiketi iliyokunjwa mkononi mwa shangazi.

Tuliandika barua ya madai pamoja, tukitaja mkataba kwa jina, kabla ya miaka miwili ambayo mkataba uliruhusu kufungua kesi kwisha. Alilipwa kilo kumi na nane, na fedha hizo alizipeleka kwa fundi cherehani.