Kuongeza safu kwenye jedwali lenye shughuli nyingi bila kugandisha mfumo

Jedwali la oda kwenye mfumo ninaousimamia husomwa na kuandikwa usiku na mchana. Kwa muda mrefu, kila tulipoliongezea safu wima mpya, mfumo mzima uliganda. Wenzangu wanaoandika programu waliamini tatizo ni ukubwa wa jedwali, wakataka kazi hiyo ifanywe usiku wa manane tu. Sikukubaliana nao. Tunatumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na tangu toleo la 11 lililotoka 2018, kuongeza safu yenye thamani ya msingi isiyobadilika (inayojazwa pasipotajwa nyingine) hakulazimishi jedwali liandikwe upya. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, rekodi ziwe mia au milioni mia.

Safari iliyofuata nilikaa macho kwenye pg_stat_activity, orodha inayoonyesha kila muunganisho unafanya nini, wakati mwenzangu anatoa amri. ALTER TABLE yake, yaani amri ya kubadili muundo wa jedwali, ilikuwa haifanyi chochote, inasubiri kufuli tu, ile haki ya kulishika jedwali. Nikatumia pg_blocking_pids kujua nani anaizuia. Ukatokea muunganisho mmoja, hali yake "idle in transaction": umefungua muamala (kundi la kazi zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja), umesoma oda moja, kisha kimya.

Kumbe ndiyo hivyo. Anayesoma huchukua kufuli jepesi, lakini haliachii mpaka muamala ufungwe. ALTER TABLE inataka kufuli zito kuliko yote, lisilokubali kukaa na jingine lolote, hata la msomaji. Basi inapanga foleni, na kila msomaji anayekuja baadaye anapanga nyuma yake, ingawa hana ugomvi wowote na yule wa mbele kabisa. Haichukui muda miunganisho yote inakwisha.

Dawa ya haraka ilikuwa kutanguliza SET lock_timeout = '2s'. Amri ikikosa kufuli ndani ya sekunde mbili inajiondoa, foleni inapita, tunajaribu tena baadaye kidogo.

Ila mimi nilitaka ule muamala wenyewe. Tuliufuatilia hadi kwenye kipande cha programu kinachosoma oda, kinamtumia mteja barua pepe, kinangoja jibu la seva ya barua, ndipo kinaandika matokeo na kufunga. Seva ya barua ikichelewa, kufuli nalo linachelewa. Nilishauri utumaji utolewe nje ya muamala. Mwandishi wa programu akauliza: je, barua ikienda halafu kuandika kukashindikana? Swali zuri sana, na ndilo lililotupa mpango tulioufuata. Sasa muamala unaandika ombi la barua kwenye jedwali dogo la pembeni na kufungwa papo hapo, kisha programu nyingine inachukua maombi hayo na kutuma. Kila ombi lina namba yake, ili barua iliyokwisha kwenda isitumwe tena kirahisi.

Niliweka pia idle_in_transaction_session_timeout, inayokata muunganisho ulioacha muamala wazi kimya kupita muda uliowekwa, lakini kwa mtumiaji wa programu hiyo pekee. Kuiwasha kwa seva nzima kungekata kazi za watu ambazo sijazichunguza. Safu mpya tunaziongeza mchana, watu wakiwa kazini.