Vile mizani ya butcha ilimaliza ubishi wangu wa posta na muuzaji wa santuri

Kwenye minada ya mtandaoni bei ya kitu haikuumizi, posta ndio hukumaliza. Mimi hununua santuri ndogo, zile za 45 (huzunguka mara 45 kwa dakika), za muziki wa benga wa miaka ya 70, zilizouzwa hapa hapa River Road, Nairobi, na siku hizi ukitaka moja isiyo na mikwaruzo unaitafuta Uingereza ama Ujerumani. Ndio, tunanunua vitu vyetu mara ya pili, tena kwa paundi. Cheka ukimaliza nitaendelea.

Nilipata muuzaji mmoja wa Uingereza ana tisa kali sana. Kwa tangazo ameandika wazi kabisa, posta ya kuja Kenya paundi 12 kwa santuri ya kwanza, kila inayoongezeka paundi 1. Yaani 12 na 8, jumla 20, hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anapiga. Nikaanza kuweka dau. Ijumaa nikashinda mbili, Jumamosi nne, Jumapili tatu, na ile ya mwisho niliishinda zikibaki sekunde kadhaa nikiwa kwa matatu ya Umoja, simu iko na chaji asilimia 4, mzee wa kiti cha kando ananichungulia akidhani nacheza kamari. Nikashinda nikapiga kelele, akaniuliza ni timu gani imefunga.

Sasa kosa langu. Kuna jamaa wa kazini, hajawahi kununua hata soksi mtandaoni, lakini ushauri anao wa kuuza. Ile Ijumaa aliniambia, lipa hizo mbili haraka kabla muuzaji akasirike, tofauti ya posta utarudishiwa. Nikalipa kila moja kivyake na ile kadi ya M-Pesa ya mtandaoni, posta 12 na 12, zikaenda 24. Jumapili usiku nafungua kikapu nilipe saba zilizobaki, naona posta paundi 84. Jumla 108! Na santuri zenyewe zote tisa hazikufika paundi 50. Ukibadilisha hiyo posta kwa shilingi unaongea kitu kama elfu kumi na nane, hiyo ni rent ya mtu.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba yale maneno ya tangazo ni maneno tu, mtambo wa mnada hauyasomi. Kama muuzaji hajaweka hesabu ya kuunganisha kwa mipangilio yake, mtambo unatoza kila kitu kama kinasafiri peke yake. Ndio maana huwa kuna mahali pa kuomba jumla kwa muuzaji kabla ya kulipa, unabonyeza, anakutumia invoisi moja. Ukishalipa hiyo nafasi imeenda, umebaki kuomba huruma.

Lakini mimi saa saba za usiku sikuwa nataka kuelewa. Nilimwandikia meseji ndefu kama hotuba, nikamwita mwizi, nikaingiza ukoloni ndani, nikamaliza na kumtishia maoni mabaya kwa ukurasa wake. Nikalala vizuri sana siku hiyo. Asubuhi jibu liko, mistari miwili: kama sijafurahi anaweza kufuta mauzo yote. Jasho likanitoka, kwa sababu moja kati ya hizo nimeitafuta miaka minne. Na msimtishie muuzaji na maoni mabaya jamani, mbali na kumkasirisha, mnada ukiona hiyo meseji ni wewe unaingia makosani.

Nikafungua malalamiko kwa mnada. Yakafungwa haraka tu, wakasema wao huangalia kama kitu hakikufika ama kimefika tofauti na maelezo, bei ya posta muelewane wenyewe.

Basi nikarudi kwa muuzaji na mkia katikati ya miguu. Nikaomba msamaha, nikamtumia skrinishoti ya maneno yake mwenyewe. Akajibu kwa upole kidogo, kwamba hiyo bei ni ya santuri mbili tatu, tisa na kadibodi zitapita kilo 2, na ikipita hapo haiwezi kwenda kama paseli ndogo, itabidi afunge mizigo kadhaa. Hapo nikasimama. Kilo 2? Santuri za 45?

Nikachukua tisa zangu za nyumbani na bahasha zake, nikafunga kwa katoni ya mayai niliyoikata, nikashuka nayo hadi kwa butcha wa mtaa, yule ako na mizani ya dijitali. Akaniangalia. "Baba Achieng, hapa tunapima nyama."

Nikamwelezea mambo ya Uingereza na paundi, watu wamejaa kwa laini nyuma yangu. Akasema sawa, lakini mizani ni ya wateja. Nikanunua nusu kilo. Akapangusa damu na gazeti, akatandika karatasi safi (hiyo nilisisitiza), tukaweka mzigo. Gramu 610. Na katoni! Mama mmoja kwa laini akasema afadhali nyama, hizo sahani hazina hata mafuta.

Nikapiga picha namba zikionekana vizuri, na kwa bahati mbaya mguu wa mbuzi ukaingia kwa kona. Nikaituma vile ilivyo, na maneno machache tu: hizi ni tisa za saizi ile ile, zimefungwa, gramu 610. Kwa hesabu ya tangazo lako zote ni paundi 20, nimeshalipa 24, naomba invoisi ya saba isiyo na posta. Sikutaja wizi, ukoloni niliuacha nyumbani.

Akajibu baada ya nusu saa. Kumbe jamaa huuza zile kubwa za LP karibu kila siku, na alikuwa anapiga hesabu kwa uzito wa hizo, tisa za hizo kweli zinafika kilo 2. Hata hakuwa ameziweka kwa mizani. Invoisi ikaja, posta sufuri, na zile paundi 4 zilizozidi akazirudisha bila kuombwa, ingawa mambo ya kubadilisha pesa yakazila zikafika kwangu kama zimekonda. Halafu akauliza ule mguu ni wa mnyama gani.

Mzigo ulikaa njiani zaidi ya mwezi, nikauchukua GPO, ile posta kuu pale Kenyatta Avenue, ushuru tusiongelee leo. Moja ina mkwaruzo ambao hakuutaja na nimenyamaza, kwa sababu ana zingine sita anaweka mwezi ujao na safari hii silipi hata moja mpaka jumla itoke. Jamaa wa kazini anaambia watu ni yeye alinifundisha. Na butcha naye kila nikipita ananiuliza kama leo tunapima ngoma ama tunanunua kitu.